Papai bichi, mkaa au presha kuka: nyama laini kwa bei gani?

Ng'ombe wetu wengi ni zebu wa kienyeji. Hutembea mwendo mrefu kufuata majani na maji, huuzwa wakiwa wamekomaa, na nyama yao hutundikwa buchani saa chache tu baada ya kuchinjwa. Matokeo yake kila mpishi wa Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza anayajua: nyama inayobishana na meno. Anayetaka kula laini ana njia nne za maana. Anaweza kulipa zaidi achukue fileti. Anaweza kununua nyama ya kawaida akaipaka papai bichi. Anaweza kuibandika kwenye mkaa tangu asubuhi. Au anaweza kutoa hela mara moja akanunua presha kuka.

Ukiuliza mtaani ipi ni nafuu, kila mtu atakutajia ya kwao. Bibi wa Pwani atasema papai, kijana aliyehamia kwenye fleti atasema presha kuka, na mama lishe ataendelea na mkaa wake kwa sababu jiko tayari linawaka. Wote wako sawa, ila kila mmoja anazungumzia nyama yake. Papai ni hodari kwenye mishkaki lakini halifui dafu mbele ya kongoro. Presha kuka inaimudu kongoro, lakini mishkaki haichomwi ndani ya chungu kilichofungwa. Tofauti hiyo inatokana na vifungo vinavyoishikilia nyama pamoja, na ukishavielewa utajua hela yako uiweke wapi kabla hujatoka bucha.

Ndani ya kipande cha nyama kuna vitu viwili vinavyokupa taabu. Cha kwanza ni nyuzi zenyewe za msuli, zilizojaa protini zilizopangwa bega kwa bega. Cha pili ni kolajeni, ile protini nyeupe ya kwenye kano, ngozi na utando unaozunguka nyuzi za msuli. Paja na fileti zina kolajeni kidogo. Shingo, mkia, muundi na kongoro zimejaa tele. Mchuuzi anaposema "hii inataka moto", anachokiona kwa jicho ni kolajeni.

Kolajeni imesokotwa kama kamba ya nyuzi tatu, na nyuzi hizo zinashikana kwa vifungo vya haidrojeni. Kifungo cha haidrojeni ni mvutano kati ya atomu ya haidrojeni iliyofungwa kwenye nitrojeni au oksijeni na atomu nyingine ya oksijeni au nitrojeni iliyo jirani. Ni kifungo dhaifu. Kukivunja kunahitaji kilojuli 20 hivi kwa moli, wakati kifungo cha kawaida kati ya kaboni na nitrojeni kinahitaji kilojuli 300 na zaidi. Kikiwa kimoja hakina nguvu ya kutajwa, lakini kolajeni ina maelfu yake yaliyopangwa kwa safu, na hapo ndipo ugumu unapotoka.

Moto unafanya nini? Joto likifika nyuzi 60 hadi 65 hivi, vifungo hivyo vinaanza kuachia, kolajeni inasinyaa, na kipande cha nyama kinajikunja na kutoa maji. Hii ndiyo hatua ambayo nyama huwa ngumu kuliko ilivyokuwa mbichi, na wengi hukata tamaa hapo. Ukiendelea na moto, maji na muda, nyuzi tatu zinaachana kabisa na kuyeyuka kuwa jelatini, ile inayofanya supu ya kongoro igande ikilala usiku. Kwa ng'ombe mzee kazi ni kubwa zaidi, maana kadiri mnyama anavyoongezeka umri kolajeni yake hujifunga pia kwa vifungo imara ambavyo si vya haidrojeni, na hivyo havisikii moto haraka.

Ila zingatia kwamba jiko halikati minyororo yenyewe ya protini. Linaifumua tu. Vifungo vinavyounganisha asidi amino moja na nyingine, ukiviacha kwenye maji matupu ya joto la chumbani, nusu ya vifungo hivyo huchukua miaka mia kadhaa kukatika. Hakuna mkaa wa kungojea hivyo. Kimeng'enya cha papai kinakata kifungo hichohicho mara kadhaa ndani ya sekunde moja.

Kimeng'enya hicho kinaitwa papaini, jina lililotolewa Ufaransa mwaka 1879 na mwanakemia Wurtz na daktari Bouchut waliokuwa wakichunguza utomvu wa papai. Ni mnyororo mmoja wa asidi amino 212, uliokunjwa kuwa mafundo mawili yenye mfereji katikati. Umbo lake lilisomwa kwa miale ya eksirei na Jan Drenth na wenzake wa Groningen, Uholanzi, mwaka 1968. Mnyororo wa protini ya nyama unalala ndani ya mfereji huo, na kwenye ukingo wake inasubiri atomu moja ya salfa, ya asidi amino ya 25, sisteini.

Salfa hiyo inaishambulia kaboni ya kifungo kinachotakiwa kukatwa. Kwa kitambo kifupi mno, oksijeni iliyoshikamana na kaboni hiyo inabaki na chaji hasi, hali ambayo peke yake ni ghali kwa nishati na ndiyo inayofanya mkato uwe mgumu. Hapo ndipo vifungo viwili vya haidrojeni vinaingia kazini. Kimoja kinatoka kwenye uti wa mnyororo palepale penye sisteini ya 25, kingine kinatoka kwenye mkono wa glutamini ya 19. Vyote viwili vinaielekea oksijeni ile na kuipokea ikiwa na chaji yake. Vinaishika vizuri zaidi katika kile kitambo kigumu kuliko kabla yake, na kwa hiyo gharama ya kupita hapo inashuka. Mwanakemia Linus Pauling alikuwa amesema miaka ya 1940 kwamba kimeng'enya lazima kifanane na hali ya katikati ya safari, si na mwanzo wake. Papaini ni mfano mzuri wa maneno yake.

Watafiti wa Montreal, Kanada, walilijaribu jambo hili kwa vitendo. Mwaka 1991 walichapisha matokeo ya kuibadilisha glutamini ya 19, na kuweka mahali pake asidi amino isiyoweza kuishika oksijeni ipasavyo. Uwezo wa kimeng'enya ulianguka kwa makumi hadi mamia ya mara. Mkono mmoja tu katika asidi amino 212! Na si hapo tu: histidini ya 159, inayoisaidia salfa kujiandaa, nayo imeelekezwa upande unaofaa na kifungo kingine cha haidrojeni kutoka kwa asparajini ya 175.

Sasa turudi kwenye mfuko. Vifungo vinavyofanya kazi ya bure ndani ya papai ni vya aina ileile inayoachia kwa moto. Umbo lote la papaini limeshikwa navyo. Papaini ni ngumu kuliko vimeng'enya vingi, na inafanya kazi vizuri zaidi nyama ikiwa kati ya nyuzi 60 na 70, lakini joto likizidi hapo inaanza kufumuka, na kwenye maji yanayochemka inakufa upesi. Kwa hiyo una dirisha dogo: kutoka vuguvugu hadi kabla ya kuchemka. Mpishi anayetupa nyama yenye papai ndani ya maji yanayotokota ameua mfanyakazi wake kabla hajaanza zamu. Anayeanza na maji baridi na moto wa wastani amempa nafasi.

Kwa sababu hiyohiyo, ule ushauri wa kulaza nyama na papai kwenye friji usiku kucha hauna maana kubwa. Kwenye baridi papaini inasinzia, na kile kidogo inachofanya kinafanyika juu ya nyama tu, kwani haipenyi zaidi ya milimita chache. Asubuhi unakuta nje pamekuwa rojo na ndani ni vilevile. Dakika 30 hadi saa moja zinatosha, na kazi kubwa itafanyika nyama ikipata joto. Kata vipande vidogo, au vichome kwa uma ili utomvu uingie. Ukichoma kwa uma, basi pika mpaka ndani paive kabisa, maana na vijidudu vya juu umevisukuma ndani.

Namna ya kulitayarisha ni rahisi. Chagua papai la kijani kabisa, gumu, ambalo ukilikwaruza kwa kucha linatoa matone meupe. Matone hayo ndiyo unayoyanunua. Papaini nyingi iko kwenye utomvu, na utomvu uko karibu na ganda, kwa hiyo usilimenye. Lioshe, kwangua ganda na nyama yake pamoja, chukua vijiko viwili vya chakula kwa kilo moja ya nyama, changanya na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi. Kabla mkaa haujashika moto vizuri, nyama itakuwa imeanza kunata vidoleni na rangi yake kufifia. Hapo imetosha. Papai lililoiva halifai, kwani utomvu hupungua sana tunda linapokomaa. Na ndimu iweke mwishoni, au kidogo tu, kwani asidi kali inalemaza kimeng'enya.

Tuingie kwenye hesabu. Bei nitakazotumia ni za kupigia mfano, kwa shilingi za Tanzania. Bucha lako likiuza tofauti, badili tarakimu, hesabu ni ileile. Umeme peke yake ndio una bei iliyopangwa: kwa viwango vya miaka ya karibuni, mteja wa kawaida wa TANESCO, shirika la umeme, analipa kama shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo, na mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa kama 122.

Anza na mishkaki ya kilo moja. Tuseme fileti ni 20,000 na paja lisilo na mfupa ni 14,000. Papai bichi zima tuseme 1,000, na unatumia sehemu yake ndogo. Hata ukitupa lililobaki, paja na papai ni 15,000, na umeokoa 5,000 kwa kila kilo. Mkaa wa kuchomea ni uleule kwa nyama zote mbili, kwa hiyo hauingii kwenye ulinganisho. Je, ladha ni ileile? Kwa maoni yangu paja lina ladha kuliko fileti, na fileti inasifiwa kwa ulaini tu. Ukishanunua ulaini kwa papai, sioni sababu ya kulipa ile elfu tano. Anayepikia harusi ya watu mia mbili na apige hesabu hiyo mara kilo anazohitaji, kisha aniambie.

Kuna pia unga wa kulainishia nyama unaouzwa supamaketi. Tuseme kopo la 6,000 linatosha kilo 20, hiyo ni 300 kwa kilo, chini ya bei ya papai zima. Faida yake ni kipimo: papai hutofautiana moja na jingine, unga haubadiliki sana. Lakini soma lebo nyuma ya kopo. Kama haikutaja papaini au bromelaini, umenunua chumvi na viungo kwa bei ya kimeng'enya. Na hata ikitaja, sehemu kubwa ya kopo huwa ni chumvi, kwa hiyo usiongeze nyingine kabla ya kuonja. Kopo lililokaa dirishani kwenye jua la miezi liache hapohapo.

Sasa mkia, shingo au kongoro, kilo moja. Papai hapa lisahau. Kolajeni nene iliyosokotwa haikipi kimeng'enya pa kukata mpaka moto uifumue kwanza, na moto unaotosha kuifumua vizuri ndio unaokiua. Kinachobaki ni ushindani wa nishati peke yake.

Kwenye mkaa, saa tatu za kuchemsha hula kilo moja hivi. Tuseme kilo ya rejareja ni 1,500, basi chungu kimoja ni 1,500, ukiacha moshi na kupepea. Kwenye gesi, sufuria ya kawaida kwa saa mbili na nusu, moto ukiwa umeshushwa baada ya kuchemka, inakula kama gramu 230. Kilo ya gesi ikiwa 4,000, hiyo ni shilingi 920. Presha kuka ya kawaida juu ya gesi inamaliza ndani ya dakika 45 kwa gramu 80 hivi, yaani 320. Na presha kuka ya umeme, ile ya wati 1,000 inayojizima yenyewe, haivuti umeme muda wote. Inapasha, inafikia presha, kisha inagusa tu mara mojamoja. Kwa chungu hicho itatumia kama uniti 0.4, sawa na shilingi 142 kwa mteja wa kawaida, na 49 kwa yule wa matumizi madogo.

Siri yake haina ujanja wa kikemia zaidi ya huu: ndani ya chungu kilichofungwa maji hayachemki kwa nyuzi 100, yanafika 115 hadi 120, na kwa joto hilo vifungo vya haidrojeni vya kolajeni vinaachia kwa kasi ya mara kadhaa. Kwa wakazi wa nyanda za juu tofauti ni kubwa zaidi. Nairobi iko mita 1,795 juu ya bahari na maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Mbeya hali ni hiyohiyo. Sufuria ya wazi kule inapika kwa moto hafifu bila mwenyewe kujua, na ndiyo maana makande na kongoro huchukua muda kuliko Pwani. Presha kuka inafuta sehemu kubwa ya tofauti hiyo.

Lakini chombo chenyewe kina bei. Tuseme ya umeme ni 180,000. Ukilinganisha na mkaa unaokoa kama 1,350 kwa kila chungu, kwa hiyo hela yako inarudi baada ya vyungu 133 hivi. Kwa anayepika nyama ngumu mara mbili kwa wiki ni mwaka mmoja na robo. Ukiweka na maharage, ambayo ndiyo yanayokula mkaa majumbani kuliko nyama, inarudi mapema zaidi. Ukilinganisha na gesi, unaokoa 778 kwa chungu, na itachukua vyungu 231, zaidi ya miaka miwili kwa mwendo huohuo. Ya juu ya gesi, tuseme 70,000, inaokoa 600 kwa chungu na kurudisha hela baada ya vyungu 117. Kwa hiyo mwenye jiko la gesi na umeme unaokatika ovyo asijilazimishe: ile ya gesi ndiyo yake. Mwenye mkaa, na hasa mwenye mita ya LUKU ya matumizi madogo, ya umeme inamfaa kuliko zote, ila achunge asivuke uniti 75, maana akivuka anahamishwa kundi na faida inapungua. Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, ukilenga asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo 2034. Kwa mwelekeo huo sitegemei mkaa urahisike.

Kabla ya kununua presha kuka iliyotumika, fungua kifuniko utazame mpira. Ukiwa umekakamaa au una nyufa, mvuke utapenya na utakuwa na sufuria ya kawaida yenye kifuniko kizito. Uliza kama mpira wa saizi hiyo unapatikana mjini. Kwa ya umeme, bonyeza vitufe vyote na uiwashe na maji matupu mbele ya muuzaji mpaka ifikie presha. Asiyekubali kujaribiwa chombo chake, mwachie.

Tukirudi kwenye vimeng'enya, papai si peke yake. Nanasi lina bromelaini, inayofanya kazi kwa utaratibu wa papaini, sisteini kwa sisteini. Lakini nanasi ni tamu na chachu, na hubadili ladha ya mishkaki, jambo ambalo wengine hulipenda na mimi silipendi. La kopo halifai kabisa kwa kazi hii kwa sababu limepikwa kiwandani. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya chake pia, kinachopenda kolajeni kuliko papaini, lakini unahitaji nyingi na hukolea ladha yake. Wengi wetu tunaitumia tayari kwenye viungo, basi iongezwe kidogo, ni ya bure. Mtindi na siki ni asidi tu, hulegeza juu juu na kuleta ladha. Magadi au baikaboneti si kimeng'enya: hupunguza asidi, protini zikasukumana na kushika maji zaidi, na nyama ikabaki na unyevu. Kijiko kidogo kwa kilo, dakika 15, kisha osha. Ukizidisha, nyama inanuka sabuni na vitamini B1 inapotea. Ni ya bei ndogo sana, na ni ya pili kwa papai kwenye nyama ya kukaanga haraka.

Na kuna njia ambayo karibu hakuna anayeitumia: kungoja. Ndani ya msuli wenyewe kuna vimeng'enya vya mnyama, kalpaini, vinavyoendelea kukata protini baada ya kuchinjwa. Nyama ya asubuhi ileile iko kwenye ukakamavu wake, na ni ngumu kuliko itakavyokuwa baada ya siku tatu au nne ndani ya friji, nyuzi 0 hadi 4. Kwa zebu faida yake ni ndogo kuliko kwa ng'ombe wa Ulaya, kwa sababu zebu wana protini nyingi zaidi inayoizuia kalpaini. Lakini kama friji yako inawaka tayari, hii haikugharimu kitu. Tatizo ni umeme. Friji inayozimwa saa sita kila siku haikomazi nyama, inaiozesha, na katika hali hiyo ni bora kupika leo.

Tahadhari chache. Utomvu wa papai huwasha ngozi na macho, kwa hiyo osha mikono. Mwenye mzio wa mpira wa asili asiuguse kabla ya kumuuliza daktari, na unga wa papaini usipuliziwe hewani, umeshawahi kuwapa pumu wafanyakazi wa viwandani. Wajawazito hushauriwa kuepuka papai bichi lenye utomvu, nami naona ushauri huo ufuatwe bila ubishi, njia nyingine zipo.

Mchuzi wa kawaida wa vipande, nyama ya mchanganyiko yenye nyuzi na kolajeni kidogo, ndio unaoleta ubishi, kwani hapo papai na presha kuka zote zinafaa. Mwenye presha kuka aitumie, papai la nini. Asiye nayo apake papai dakika 30, aanze na maji baridi, apandishe moto taratibu, na atapunguza mkaa kwa kiasi cha kuonekana.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Mtu wa mishkaki na nyama ya kukaanga anunue paja na papai, asisogelee fileti. Familia inayopika supu, maharage na nyama ya mfupa kila wiki inunue presha kuka hata kwa kudunduliza, ya umeme kwa mwenye mkaa, ya gesi kwa mwenye gesi. Na ukifika bucha, uliza kwanza kipande kimetoka sehemu gani ya ng'ombe, kisha ndipo uulize bei.